Pole Ina Stempu Yake

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, duka la matairi la ghorofa ya chini bado limefungwa. Mwanamke wa miaka hamsini na sita anapanda ngazi za zege, funguo mkononi, anafungua chumba cha pili upande wa kulia, na kabla ya kugusa chochote ananawa mikono kwenye beseni lililo nyuma ya mlango. Anaikausha kidole kimoja kimoja. Kidole chenye maji, anasema, huacha alama kwenye karatasi ya mtu.

Kisha anavaa miwani, anavuta kiti na kuanza kusoma pambizo.

Mezani kuna daftari sitini na ushei, zimepangwa kwa namba. Ni kazi za wanafunzi ambazo walimu wamekwisha kuzisahihisha. Yeye hasomi majibu. Macho yake yanateremka ukingoni mwa kila ukurasa, penye wino mwekundu, yanageukia ndani ya jalada, yanapitia karatasi ya maoni ya mwalimu. Halafu daftari jingine.

"Majibu ni ya walimu," anasema bila kuinua uso. "Mimi natafuta kile ambacho walimu hawakutakiwa kukiandika."

Huyu ndiye Mama Fundo, mfungaji vifurushi wa shule ndogo inayofundisha kwa njia ya posta. Ameifanya kazi hii miaka kumi na tisa. Jina lake la kuzaliwa liko kwenye orodha ya mishahara, na pengine ni huko tu linakotumika. Hili la Mama Fundo limetokana na namna anavyofunga kamba. Hupiga fundo moja tu, na hata ukikitupa kifurushi kutoka juu ya lori halilegei. Lakini ukivuta ncha yake moja, kamba yote inaachia.

Hafungi hivyo kwa mbwembwe. Posta, kifurushi cha daftari kinaweza kusafiri kwa bei mbili. Ipo bei ya barua, na ipo bei iliyopunguzwa, ambayo hapa shuleni wanaiita bei ya kitabu. Ya kwanza inaizidi ya pili karibu mara tano. Anayetaka bei ya kitabu lazima akubali kifurushi chake kifunguliwe na kukaguliwa wakati wowote, kwa hiyo ni marufuku gundi, ni marufuku utepe wa kunata, na fundo liwe la kufunguka.

Shule ina wanafunzi mia sita na kumi na wawili. Wengi ni watu wazima walioachia masomo njiani: walinzi wa visima, wapishi wa kambi, akina mama wa majumbani, wafungwa. Karo yao ni ndogo.

"Bila bei ya kitabu tungefunga mlango kabla muhula haujaisha," anasema Mkuu wa shule, mzee mpole anayepiga chapa kwa vidole viwili. "Sitii chumvi. Hesabu nilishaipiga, nikaificha kwenye droo nisije nikaiona tena."

Na wale wanaouliza kwa nini, zama hizi za simu, watu wanahangaika na kamba na karatasi za kaki, Mama Fundo anawajibu kwa swali. "Gerezani simu inaingia? Na kule ambako mtu anapanda kichuguu kutafuta mtandao, atapanda na jedwali la kemia mkononi?" Anacheka mwenyewe. "Daftari linaingia popote. Halihitaji chaji."

Ukutani juu ya meza yake kuna karatasi kubwa aliyoiandika kwa mkono wake. Upande wa kushoto vimeorodheshwa vyenye haki ya bei ya kitabu: vitabu, majarida, ramani, karatasi za muziki, daftari za mazoezi zilizosahihishwa. Maandishi ya nukta nundu ya wasioona yamepigiwa mstari mara mbili, kwa sababu hayo huenda bure kabisa. Upande wa kulia ni visivyo na haki: barua, pesa, bidhaa, daftari tupu.

Daftari tupu limewahi kumgombanisha na watu. Mtu anakuja na daftari jipya, anataka kumtumia mwanawe kwa bei ya chini, anaambiwa haiwezekani, anang'aka: "Yaani lililojaa, ambalo ni zito kwa wino, linalipa kidogo, na hili jepesi lisilo na kitu linalipa kikubwa?" Mama Fundo humjibu kwamba hata posta inamjua aliyefanya kazi na ambaye hajafanya.

Majirani nao wana vituko vyao. Yupo aliyemletea kamusi nene, na katikati ya kurasa zake kumepangwa soksi sita za mtoto mchanga. "Nikamwambia, mdogo wangu, soksi hazisomwi. Akaniambia, dada, lakini zina maandishi kwenye kisigino!"

Hayo ni ya kucheka. Mstari wa mwisho wa ile orodha hauna kicheko, na ndio uliomtoa jasho mwaka mzima. Unasema kwamba daftari la mwanafunzi litapata bei ya kitabu iwapo tu mwalimu hakuandika ndani yake neno lisilohusu moja kwa moja kazi iliyofanywa. Neno moja la salamu, na daftari linageuka barua. Na barua moja ndani ya kifurushi inakigeuza kifurushi kizima.

Saa mbili kasorobo walimu wanaanza kuingia. Mwalimu wa hesabu, kijana mrefu asiyekaa bila utani, anachungulia mlangoni kuulizia chai. Mama Fundo anamwita kwa kidole.

"Njoo hapa, mwanangu. Nieleweshe jambo. Namba mia mbili na tisa, karatasi ya maoni. Umeandika 'Hongera kwa mtoto wa kike'. Mtoto wa kike ni jibu la swali la ngapi?"

Kijana anashika kichwa. "Aa, mama! Mtu kafanya milinganyo usiku, mimba ya miezi tisa. Nikae kimya?"

"Usikae kimya. Andika maoni upya, ya milinganyo peke yake. Hongera yako utaitia kule." Anaelekeza kidole dirishani, kwenye kopo la maziwa ya unga lenye tundu kwenye kifuniko. "Leo usinichezee. Unajua leo ni siku gani."

Anajua. Wote wanajua. Ni Alhamisi ya mwisho.

Ili kuielewa Alhamisi hiyo inabidi kurudi nyuma mwaka mmoja, kwa mwanafunzi namba mia nne kumi na nane.

Mia nne kumi na nane ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, mpishi kwenye kambi ya wakata mawe. Mama Fundo hajapata kumwona. Anamjua kwa mwandiko, herufi kubwa zinazoegemea kulia, na kwa madoa ya mafuta ambayo hayakosekani kwenye kona ya chini ya ukurasa. Alikuwa amefika somo la kumi na moja kati ya ishirini na manne. Katika daftari lake la mwisho, chini ya insha, aliandika kwamba anaomba radhi kwa kuchelewa, amemzika mama yake.

Mwalimu wa lugha, mwanamke wa makamo, alipokuwa akisahihisha insha ile alishindwa kujizuia. Aligeuza ukurasa wa mwisho akaandika nyuma yake mistari kumi na minne ya pole.

Daftari likafika kwa Mama Fundo, naye akaisoma ile mistari yote.

"Sitaki useme sikuiona," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anavua miwani. "Niliiona. Sheria naijua pengine kuliko aliyeiandika. Miaka kumi na minane nilikuwa nimetoa vikaratasi, nimerudisha madaftari, walimu wamenichukia, wameniita mkoloni. Siku ile nikatazama yale maneno nikasema, mtu kafiwa na mzazi, halafu mimi nimnyang'anye mkono wa pole? Nikafunga. Nikapiga fundo vizuri kabisa."

Kifurushi kile kikachaguliwa kukaguliwa. Posta haikumtoza mtumaji, kwa kuwa kilikuwa kimekwisha kuondoka dirishani. Kikapigwa muhuri wa nauli pungufu, na ikaamriwa kwamba mpokeaji ndiye alipe tofauti, pamoja na faini. Mpishi wa kambi akaitwa posta ya kule kuchukua kifurushi kilichomgharimu mshahara wa siku nne. Hakukichukua. Baada ya wiki tisa kikarudi shuleni kikiwa na neno moja juu yake: HAKIKUCHUKULIWA.

Hakupata somo lake, na ile pole haikumfikia. Tangu siku hiyo mia nne kumi na nane hajatuma daftari tena.

Mama Fundo anakunja kitambaa cha miwani mara nne. "Kwa hiyo mimi niliyemhurumia ndiye niliyemkata miguu. Ukitaka kujua kitu gani kinaniamsha, ni hicho."

Pamoja na kifurushi ikaja barua ya onyo. Shule iko chini ya uangalizi kwa miezi kumi na miwili. Kila Alhamisi mkaguzi atafungua vifurushi vitatu avitakavyo. Akikuta kosa la pili ndani ya muda huo, kibali cha bei ya kitabu kinafutwa, na hakuna rufaa.

Mkuu alisema yaliyopita si ndwele, wagange yajayo. Mama Fundo hakutaka kufarijiwa. Alikwenda nyumbani akamweleza mumewe, fundi baiskeli aliyestaafu, kwamba anafikiria kuacha kazi. Mume alikuwa akiziba pancha. Akamwambia: "Mke wangu, nimekuwa nikisema nimeoa posta, na posta yenyewe hainijui. Leo unataka kuiacha na deni la mtu? Jikaze kisabuni. Rudi ukakirekebishe ulichokiharibu."

Alirudi. Asubuhi iliyofuata aliwakusanya walimu wote saba chumbani mwake, akasimama mbele ya kopo tupu la maziwa ya unga.

Mwalimu wa lugha anaikumbuka siku hiyo. "Tulidhani anakuja kutukaripia. Akasema, 'Walimu wangu, sikuja kuwakataza huruma. Huruma ni halali, ila haipandi gari la daftari. Pole ina stempu yake. Hongera ina stempu yake. Mtu akiwa na neno la moyoni aliandike kwenye karatasi nyingine, alitie humu, na Ijumaa nitalituma kama barua, kwa bei ya barua, likiwa na heshima yake.'"

Swali lilikuwa stempu zitatoka wapi, maana mshahara wa Mama Fundo wa mwezi mzima ungetosha barua mia na hamsini tu, asile wala asilipe pango. Akalijibu mwenyewe. Karatasi zilizoharibika shuleni, zile ambazo zilikuwa zikichomwa nyuma ya jengo, akaanza kuzikusanya na kuwauzia wauza mayai na karanga, za kufungia. Kila gunia moja la karatasi huzaa stempu kumi na mbili. Bandu bandu huisha gogo: mwaka huu zimekwenda barua mia moja thelathini na moja. Kumi na mbili kati ya hizo zimeandikwa namba 418.

Hakuna hata moja iliyojibiwa.

Saa nne kasorobo anafika kwenye daftari linalomfanya anyanyuke kitini. Ni la mwanafunzi mmoja aliye gerezani, somo la sita la lugha. Somo la sita ni uandishi wa barua, na swali linamtaka mwanafunzi amwandikie ndugu yake habari za anakoishi. Kwa ukaguzi wa posta, hakuna somo la hatari kama hilo: daftari zima limejaa "mpendwa" na "wasalamu". Mapema mwaka huu Mama Fundo aliamua kwamba kila daftari la somo la sita libanwe na karatasi ya swali juu yake. Hili limebanwa. Lakini ndani, kwenye ukurasa wa tatu, pamechomekwa kikaratasi cha njano.

Analibeba daftari hadi chumba cha jirani, cha walimu. "Mwalimu wa lugha. Mkono wako huu?"

Mwalimu anasoma kikaratasi chake kwa sauti ndogo: "'Nimecheka sana na habari za mbuzi wa mkuu wa gereza. Mdogo wako akikutembelea, msalimie.'" Uso umemshuka. "Wallahi, mama, nilikiandika kwa ajili ya kopo. Kikabaki ndani."

"Najua."

"Tena leo! Mimi nina laana gani na madaftari?"

"Huna laana, una moyo. Moyo wako tuutie kwenye kopo, basi." Anakichomoa kikaratasi, anarudi chumbani mwake, anakidumbukiza kwenye kopo, na daftari lile analisoma upya tangu jalada hadi jalada, safari hii hata majibu.

Saa saba vifurushi hamsini na viwili vimekwisha kufungwa. Anavishusha ngazi kimoja kimoja hadi kwenye kitoroli, hataki kusaidiwa, kisha anakisukuma kitoroli kupita mitaa mitatu, gurudumu la mbele likilia kama kawaida yake. Mumewe huahidi kulitia grisi kila Jumapili.

Posta kuna foleni ya watu tisa. Mkaguzi yuko kwenye meza yake ya pembeni, karibu na mizani kubwa: mtu wa makamo, shati limepigwa pasi mpaka mikono inasimama yenyewe. Si mtu mbaya. Kwa mwaka mzima hawakuwahi kukosa kusalimiana vizuri.

"Karibu, mama. Tumefika mwisho wa safari."

"Bado, Bwana Mkaguzi. Mwisho wa safari ni muhuri."

Mkaguzi anachagua kifurushi cha kwanza, anavuta ncha, kamba inaachia. Jiografia. Ramani mbili, daftari moja, maoni ya mwalimu kuhusu vipimo. Anakifunga. Cha pili ni hesabu. Karatasi ya maoni inazungumzia milinganyo peke yake, na wino wake ndio kwanza umekauka. Anakirudisha.

Kwa kawaida cha tatu hukichagua kwa unene. Mkono wake unapita juu ya rundo, unasimama kwenye kifurushi kilichotuna, kinachokwenda gerezani.

Mama Fundo anasogea karibu. Ameshika ukingo wa meza.

Mkaguzi anafungua, anaondoa karatasi ya swali iliyobanwa juu, anaiweka kando na kuanza kusoma. Nyusi zinapanda. Anasoma kwa sauti, na watu wawili wa nyuma kwenye foleni wanageuka: "'Mpendwa mdogo wangu. Mimi sijambo ila mgongo. Paa la bweni letu linavuja upande wangu tu, sijui nimelikosea nini.'" Anainua macho. "Mama. Hii ni barua."

"Hilo ni jibu la swali la nne. Karatasi ya swali umeiweka hapo kushoto kwako."

"Karatasi ya swali mtu yeyote anaweza kuibana popote. Mimi naangalia kilichoandikwa. Kuna mpendwa, kuna habari za nyumbani, na huku mwisho kuna 'wako akupendaye'. Sheria inasema mawasiliano ya binafsi."

"Sheria inasema kazi ya mwanafunzi na masahihisho yake," anajibu Mama Fundo. Sauti yake haijapanda. "Bwana Mkaguzi, tafadhali soma wino mwekundu."

Mkaguzi anasoma. Kwenye pambizo mwalimu ameandika: "Anwani iko wapi? Umepoteza alama mbili." Chini zaidi: "Aya hii ina mambo mawili, igawe." Na mwisho, ndani ya duara: sita kati ya kumi.

"Una ndugu, Bwana Mkaguzi?"

"Ninao wanne."

"Wamewahi kukuandikia?"

"Zamani, ndiyo."

"Kuna hata mmoja ambaye barua yake ilikufikia ikiwa imepewa sita kati ya kumi?"

Mtu mmoja kwenye foleni anaangua kicheko, mwingine anadakia, "Barua ya mke wangu ningeipa tatu!" Mkaguzi hacheki, lakini mdomo wake unahangaika. Anapekua daftari lote, ukurasa baada ya ukurasa, anaangalia ndani ya jalada, analitikisa likiwa limeinamishwa. Pale ambapo asubuhi kulikuwa na kikaratasi cha njano hakudondoki kitu. Anasimama sana kwenye ukurasa wa tatu. Huenda amefika kwa yule mbuzi.

Hatimaye analirudisha kwenye mfuko wa kaki, anafunga kamba, fundo lake linatoka baya, anauchukua muhuri.

Vifurushi hamsini na viwili vinapigwa muhuri wa bei ya kitabu, kimoja baada ya kingine. Mama Fundo anavihesabu kwa midomo. Cha mwisho kinapopigwa, Mkaguzi anafungua jalada lenye ile barua ya onyo, anaandika tarehe, anatia sahihi na kuchora mstari chini yake.

"Kibali kimebaki. Uangalizi umekwisha," anasema. Halafu, kwa sauti ya chini kidogo: "Yule wa mwaka jana. Mpishi. Alipata kitu chake?"

"Hakupata."

Mkaguzi anatazama muhuri ulio mkononi mwake. "Nilifuata kanuni, mama."

"Ulifuata. Mimi ndiye sikuifuata. Sina kinyongo nawe hata chembe."

Njiani kurudi, kitoroli kitupu kinapiga kelele kuliko kilipojaa. Mtu angetegemea apumue, ashangilie, angalau anunue soda. Anafika shuleni, anawaambia walimu kwamba kibali kimebaki, na wao wanapiga vigelegele hadi fundi matairi wa chini anagonga bomba kuuliza kuna nini. Mwalimu wa lugha analia waziwazi bila kujificha. Mkuu anafungua droo yake, anatoa ile karatasi ya hesabu aliyoificha, anaichana vipande vinne na kumkabidhi Mama Fundo avitie kwenye gunia la wauza mayai.

Anavipokea. Kisha anamwomba Mkuu likizo ya siku tano.

"Siku tano? Wewe? Miaka kumi na tisa hujaomba hata siku ya mafua!"

"Mwaka mzima nisingeweza kuondoka, maana nisingemwachia mtu Alhamisi. Sasa naweza."

Anainama chini ya meza, anatoa kifurushi cha kaki kilichochakaa pembeni. Ndicho kile kilichorudi. Muhuri wa nauli pungufu bado unasomeka. Ndani yake mna daftari lenye madoa ya mafuta, mistari kumi na minne ya mwalimu wa lugha, na somo la kumi na mbili ambalo mpishi hajalifungua. Mama Fundo hajatoa kitu na hajaongeza kitu.

Kambi ya wakata mawe iko mwendo wa siku nzima kwa basi, halafu nusu siku kwa lori la kokoto. Mumewe ameshaulizia nauli, naye atakwenda. Anasema anataka kumwona huyo mwanamke aliyekaa nyumbani kwake mwaka mzima bila kulipa kodi.

"Labda kahama," anasema Mama Fundo. "Labda kaacha kusoma, na akiniona atanifukuza. Ana haki. Lakini nitakuwa nimefika. Nitamwambia, mwanangu, mimi ndiye niliyefunga hiki kifurushi, na kosa lilikuwa langu. Halafu nitampa pole ya mama yake kwa mdomo wangu. Ya mdomo haipandi kwenye mizani. Na asipotaka kuendelea na masomo, sawa. Akitaka, daftari lake la somo la kumi na mbili nitarudi nalo mimi mwenyewe."

Mwalimu wa hesabu anamtania kwamba kwa kuwa kifurushi hakipiti posta, safari hii anaweza hata kuweka soksi. Mama Fundo anacheka mpaka anajishika mbavu.

Halafu ananawa mikono kwenye beseni, anaikausha, anakata urefu mpya wa kamba na kukifunga tena kile kifurushi. Anapiga fundo lake lilelile. Anaishika ncha, anaijaribu kidogo tu, ahakikishe kwamba mpishi, hata mikono yake ikiwa na mafuta, ataweza kulifungua kwa kuvuta mara moja.